Kinanda kinasema walsi, ngoma inasema chakacha

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni mtunzi wa kikundi cha kina mama hapa Pongwe, tunaimba maharusini. Nimetunga wimbo wa kijembe, mizani kumi na mbili kila mshororo, nimehesabu mara tatu na zimetimia. Mpiga kinanda wetu kausikia, kasema ni walsi, tatu kwa nne. Mzee wa ngoma kakataa katakata: hii ni chakacha, sita kwa nane, na tatu kwa nne ni mambo ya Wazungu. Wiki nzima hawasemeshani. Na kweli tukiimba, mshororo wa kwanza unateleza, wa pili unakwama. Tatu kwa nne na sita kwa nane si hesabu ileile? Na Kiswahili kinakubali mwendo wa tatu, au tunakilazimisha? Ubeti wenyewe:

Kisima ni changu, wenzangu jueni
Nilichimba kwangu, jembe mkononi
Mwanywa maji yangu, mbona hamneni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole na hao wawili. Wanamuziki wakigombania hesabu wanashinda ndugu wanaogombania shamba la minazi. Ila usimlaumu yeyote, maana wote wamesema kweli. Mzee wa ngoma amesikia mshororo wa kwanza, akapata mwendo wake, akaona yametosha. Mpiga kinanda amesikia wa pili na wa tatu. Ubeti wako una mienendo miwili, na nadhani umeiweka bila kujua. Nitakuonyesha ilipo, lakini tuanze na hizo namba.

Dukani, robo tatu ya kilo ya sukari ni robo tatu tu. Mwenye duka akiigawa kilo mara nane akakupa mafungu sita, hujapata zaidi wala pungufu. Ndiyo maana unaona hesabu ni ileile. Kwenye nota namba hizo hazigawani. Ya juu ni idadi, ya chini ni aina ya nota inayohesabiwa. Tatu kwa nne ni nota tatu za robo. Sita kwa nane ni nota sita ndogo, kila moja nusu ya ile ya robo. Ukizipima kwa saa ya mkononi, urefu wake ni mmoja. Zinaachana kwenye mafungu.

Weka vitumbua sita kwenye sahani. Wakija wageni watatu, kila mmoja atakula viwili. Wakija wageni wawili, kila mmoja atakula vitatu. Vitumbua ni vilevile, mezani hali si ileile. Tatu kwa nne ina wageni watatu: mapigo matatu makubwa, kila moja limebeba vijipigo viwili. Sita kwa nane ina wageni wawili: mapigo makubwa mawili, kila moja limebeba vijipigo vitatu. Kwa hiyo mtu akikwambia wimbo una "mwendo wa tatu", muulize tatu iko wapi. Ya walsi iko nje, unaikanyaga kwa mguu. Ya chakacha iko ndani, mguu unakanyaga mbili na kiuno ndicho kinachohesabu tatu.

Sema kwa sauti, bila kuimba: moja, mbili, tatu. Rudia pasipo kupumzika. Umetamka silabi sita: MO-ja, MBI-li, TA-tu. Kila namba ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya mwanzo. Hiyo ni tatu kwa nne tayari, umeletewa na lugha yako bila mwalimu wa muziki. Endelea mpaka sita: nne ni n-ne, tano, sita, zote silabi mbilimbili. Lakini jaribu kuhesabu sita kwa nane kwa namba hizohizo na mwendo ukiwa wa kasi, ulimi utafungana, kwa sababu kila kijipigo kinataka silabi moja nawe unakipa mbili. Ndiyo maana wapiga ngoma wa pwani hawahesabu. Wanasema kwa mdomo: DUM-ta-ka, DUM-ta-ka. Nilipokuwa nasoma Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981 na ambacho leo tunakiita TaSUBa, nilimuuliza mwalimu wa ngoma hii tunayopiga ni ngapi kwa ngapi. Akaniambia, "Simama ucheze, miguu yako itakujibu." Nilikasirika, nikidhani ananikwepa. Ilinichukua miaka kujua kwamba alinipa jibu zima.

Sasa tuje kwenye Kiswahili.

Sisi watunzi tumelelewa na mizani na vina. Tunahesabu silabi kwa vidole, kipande kikitimia sita au nane tunaridhika. Mizani inakwambia silabi ni ngapi, haikwambii uzito umelala wapi. Na ngoma haijali silabi ni ngapi kama inavyojali uzito. Katika lugha yetu uzito una makazi yake, silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kisima: ki-SI-ma. Wenzangu: we-NZA-ngu. Nilichimba: ni-li-CHI-mba. Maneno yasiyofuata hilo ni machache, na mengi ni ya kupokea. Tena yapo yanayobadilika maana ukihamisha uzito. Sema bara-BA-ra, umetaja njia ya magari. Sema ba-RA-bara, umesema sawasawa, kama inavyotakiwa. Walakini nayo hivyo hivyo: wa-LA-kini ni "lakini", wala-KI-ni ni kasoro. Nimewahi kusikia kwaya ikiimba kwamba Mungu ametenda mambo yote barabara, na kwa jinsi noti nzito ilivyoangukia, Mwenyezi alikuwa mkandarasi wa lami.

Uzito ukishajua unakokaa, chukua kipande chochote cha silabi sita. Silabi ya tano karibu daima ina uzito, kwa kuwa ndiyo ya pili kutoka mwisho wa neno la mwisho (ila ukimalizia na kineno kama "tu"). Hiyo haina ubishi. Swali lote liko kwenye uzito mwingine: uko kwenye silabi ya pili, au ya tatu? Ukiwa kwenye ya pili, kutoka ya pili hadi ya tano ni hatua tatu, na kutoka ya tano hadi ya pili ya kipande kinachofuata ni hatua tatu tena. Tatu, tatu, tatu, bila kukatika: sita kwa nane. Ukiwa kwenye ya tatu, kutoka hapo hadi ya tano ni hatua mbili, na ukirudi nyuma hatua mbili unaikuta ya kwanza. Moja, tatu, tano: tatu kwa nne.

Soma mshororo wako wa kwanza: ki-SI-ma ni CHA-ngu, we-NZA-ngu ju-E-ni. Pili, tano, pili, tano. Ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, vyote ni sita kwa nane, haswa. Mzee wa ngoma alipousikia mkono ulimwenda wenyewe.

Wa pili: ni-li-CHI-mba KWA-ngu. Tatu, tano. JE-mbe m-ko-NO-ni. Moja, tano, na ile m ya mkononi ni silabi kamili, kwa hiyo umehesabu vizuri. Lakini mwendo umegeuka. Ndipo mnapokwama. Waimbaji wametoka kwenye mafungu ya tatutatu, ghafla maneno yanataka mbilimbili, ngoma haikuambiwa. Wa tatu ndio kabisa: MWA-nywa MA-ji YA-ngu, MBO-na ha-m-NE-ni. Huwezi kupata tatu kwa nne iliyo wazi kuliko "mwanywa maji yangu". Ukimpa mpiga kinanda maneno hayo peke yake, hata mimi ningesema walsi.

Angalia jambo moja dogo linalofaa kulijua. Maneno marefu ya kitenzi hayana upande. Ukiwa na "hawakuniona" au "tutasafirisha", kipande kizima ni neno moja, uzito mkubwa ni mmoja tu, kwenye ya tano, na silabi nyingine zinakaa popote ngoma inapozitaka. Watunzi wazoefu huzitumia hizo kama daraja wanapovuka kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine. Maneno ya silabi tatu ndiyo yenye msimamo mkali: habari, asante, kijana, safari, mapenzi. Yote yanaanza kwa silabi nyepesi, uzito katikati, nyepesi tena. Ndiyo maana mtu anayetunga walsi ya Kiswahili akaanza na "Habari" kwenye pigo la kwanza kabisa anajikuta anaimba "HA-bari". Silabi hiyo ya kwanza inatakiwa iwahi, isimame mlangoni kabla ya pigo, ndipo BA ikanyage chini. Kwa lugha ya kwaya, anzeni na pigo la mwisho la kipimo kilichotangulia. Nyimbo nyingi tulizotafsiri kutoka Kijerumani na Kiingereza zinaumiza masikio kwa sababu hiyo tu. Tafsiri ni sahihi, silabi zimetimia, uzito umekanyaga pasipo pake.

Sasa kauli ya mzee, kwamba tatu kwa nne ni mambo ya Wazungu. Ana robo ya ukweli.

Walsi kama walsi, ndiyo, ni ya huko. Ilitoka kwenye ngoma za wakulima wa Austria na kusini mwa Ujerumani, ikapanda hadi kumbi za Vienna, na kufikia 1867, Johann Strauss alipotoa ile ya mto Danube, ilikuwa imeshaenea Ulaya nzima. Kwetu ilipita njia kadhaa. Dansi lilipoingia miji ya pwani, vijana wa miaka ya 1930 walijifunza foxtroti na walsi za kushikana. Taarabu nayo iliipata kupitia Misri, kwa kuwa watunzi wa Cairo kama Mohammed Abdel Wahab walikuwa wameshachanganya walsi, tango na rumba kwenye nyimbo zao, na sisi huku tulikuwa tunasikiliza kila santuri iliyoshuka bandarini. Wazee waliosoma wakati wa Mwingereza waliisimamia tatu kwa nne kila bendera ilipopandishwa, kwani wimbo wa mfalme wao ni wa mapigo matatu. Desemba 1961 tukauacha, tukashika Mungu ibariki Afrika, ambao ni wa mapigo manne. Sijui kama kuna aliyeuona uhuru kwa upande huo, lakini mguu uliuona.

Hata huko kwao tatu haikuanza kwenye dansi. Walioandika muziki wa kanisa zamani, kama Franco wa Cologne karibu na mwaka 1280, waliita tatu ndiyo hesabu kamilifu, wakailinganisha na Utatu Mtakatifu. Mbili kwao ilikuwa pungufu. Baadaye mwendo wa tatu ukawekewa alama ya duara zima, na wa mbili duara lililokatwa upande. Ile C unayoiona mwanzoni mwa nota za mapigo manne ndiyo duara hilo lililokatika. Walimu wengi wa kwaya hufundisha kwamba ni herufi, kifupi cha neno la Kiingereza. Si herufi, ni duara lililovunjika.

Na usidhani wao wenyewe wanakubaliana. Usiku Mtakatifu unaoimbwa kila Krismasi, Franz Gruber aliuandika Austria mwaka 1818 kwa sita kwa nane. Leo kuna vitabu vya nyimbo vinavyouchapa kwa tatu kwa nne. Ugomvi wako wa Pongwe una ndugu zake mbali.

Ila robo tatu iliyobaki mzee amekosea, kwa sababu mapigo matatu hayakusubiri meli. Nilipokuwa mdogo, kwa bibi upande wa Muheza, wanawake watatu walikuwa wakitwanga kinu kimoja. Michi mitatu, tundu moja. Huu unashuka, ule uko juu, wa tatu unapanda. Ukisimama nyuma ya jiko hukuona mtu, ulisikia tu: pu, pu, pu, na kila wa tatu ulikuwa mzito kidogo kwa sababu shangazi yangu alikuwa na nguvu kuliko wenzake. Ukikosea zamu yako mchi unagongana na wa mwenzio na mahindi yanamwagika, kwa hiyo hakuna darasa la muziki litakalokufundisha tatu upesi kama lile. Cha ajabu, wimbo waliouimba juu yake haukwenda tatu. Ulikwenda kwa mbili kubwa, wa kuitikiana, taratibu. Mikono tatu, midomo mbili.

Hapo ndipo ulipo muziki wa pwani na wa sehemu kubwa ya bara: tatu na mbili zikiishi nyumba moja. Kwenye ngoma zetu vumi, ile ngoma kubwa, inaweza kushika mapigo mawili mazito huku chapuo, ile ndogo, ikitafuna matatu juu yake, na mchezaji anachagua amfuate nani, tena anabadilisha katikati bila kuomba ruhusa. Ukitaka kuisikia mwilini, kaa chini, mikono kwenye mapaja. Sema "njoo tule wali", taratibu, silabi sita sawasawa: njo-o-tu-le-wa-li. Mkono wa kulia upige kwenye NJO, TU na WA. Wa kushoto upige kwenye NJO na LE. Utaanza kwa kuchanganyikiwa, kila mtu huchanganyikiwa. Rudia mpaka mikono iache kukuuliza maswali. Kulia unapiga tatu kwa nne, kushoto unapiga sita kwa nane, na mdomo unaita watu mezani. Mtoto wa mlezi wangu aliyejifunza hili akiwa na miaka saba alikuwa akilipiga kwenye sufuria mpaka mama yake akaficha miko yote.

Kiswahili chenyewe, ukikiacha bila ngoma, kinapenda mbili. Kinazidisha maneno mara mbili: polepole, sawasawa, mbalimbali, hivi hivi. Hakizidishi mara tatu, ila kwa mchezo. Mara tatu ni ya adabu na ibada: hodi tatu, na usipojibiwa urudi zako, viungo vinavyooshwa mara tatu kwenye udhu. Mshororo wa tenzi zetu nyingi una mizani nane, wa shairi la kawaida kumi na sita, zote ni mbili iliyozaa mbili. Na mishororo mitatu ya ubeti wako, tunayoiita tathlitha, ambayo nyimbo za taarabu zinaipenda, ni tatu ya karatasi. Haihusiani kabisa na mapigo matatu. Unaweza kuwa na tathlitha yenye mapigo manne, na tarbia, ubeti wa mishororo minne, yenye walsi. Nimelisema kwa sababu nimeshaulizwa.

Lakini tatu inaingia hata kwenye nane, kwa mlango wa nyuma, na hili mimi sichoki kulishangaa. Tunga kipande cha utenzi: "Kijana sikia neno." Silabi nane. Uzito: ki-JA-na si-KI-a NE-no, yaani ya pili, ya tano, ya saba. Hesabu hatua: kutoka pili hadi tano ni tatu, tano hadi saba ni mbili, saba hadi ya pili ya kipande kijacho, kikiwa cha sura ileile, ni tatu. Tatu, mbili, tatu. Ukiizungusha uanzie pengine inakuwa tatu, tatu, mbili. Huo ni mwendo wa rumba, ndio unaotembea chini ya magitaa ya dansi. Tanga hii iliyomlea Shaaban Robert ndiyo hiyohiyo iliyotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na sioni kuwa ni vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Masikio yaliyozoea utenzi ukisomwa barazani hayakuhitaji kufundishwa rumba. Walikuwa wameshaiimba, ila hawakuwa na gitaa.

Turudi Pongwe, maana harusi haingoji.

Wimbo wako ni sita kwa nane. Nasema hivyo kwa sababu mbili. Mshororo wa kwanza ndio unaofungua mlango, nao uko sita kwa nane bila shaka yoyote. Pili, ni wimbo wa kuchezwa na kina mama ukumbini, na hakuna shangazi wa Pongwe atakayezunguka walsi akiwa amejifunga kanga kiunoni. Yale maneno ya mwalimu wangu wa Bagamoyo: tazama miguu. Ukiona wachezaji wanahamisha uzito mara mbili kwa kila mzunguko wa ngoma, hesabu iko sita kwa nane hata nota ingesema vingine.

Mshororo wa pili urekebishe. Sikwambii maneno ni mabaya, lakini yanavuta mwendo upande mwingine kabla msikilizaji hajatulia. Vina vyako ni -ngu na -ni, tuvilinde. Kwa mfano:

Kisima ni changu, wenzangu jueni
Na jasho ni langu, na jembe begani

Pima: na JA-sho ni LA-ngu, na JE-mbe be-GA-ni. Pili, tano, pili, tano. Sasa mishororo miwili inateleza kwa mguu mmoja. Jembe limetoka mkononi likapanda begani, najua, na kama ulitaka picha ya mtu anayechimba badala ya anayetoka kuchimba utafute yako. Muhimu ni neno la silabi mbili lenye kijineno mbele yake, au neno la silabi tatu.

Mshororo wa tatu, mwanangu, usiuguse.

Ningeweza kukutungia wa sita kwa nane: "Mnanywa ya kwangu, asante semeni." M-NA-nywa ya KWA-ngu, a-SA-nte se-ME-ni. Umetimia, vina vipo, ngoma itaupenda. Lakini haumi. Kijembe chako kinauma kwa sababu ya ule mgeuko. Ngoma imewazoesha watu mbili kubwa kwa mishororo miwili, mabega yamelegea, mara waimbaji wote wanashuka na tatu nzito: MWA-nywa, MA-ji, YA-ngu. Kila neno limesimama peke yake kama kidole kinachonyooshwa. Vumi isibadilike, iendelee na mbili zake. Ni sauti zenu ndizo zitakazovuka juu yake, kama mkono wa kulia juu ya wa kushoto kwenye "njoo tule wali". Mwenye kuambiwa, pale alipokaa na sahani yake ya pilau, ataujua mwiba hata kabla hajayasikia maneno. Kisha "mbona hamneni" inawarudisha, kwa kuwa "hamneni" ina uzito mmoja tu mwishoni, na kutoka hapo "Kisima" inaingia mlangoni kwa ile silabi yake nyepesi.

Tatizo lenu la kukwama halikuwa kwamba mwendo unageuka. Uligeuka mapema mno, kwenye mshororo wa pili, na hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Sasa hao walionuniana. Waite wote wawili siku moja, usiwaite mmoja mmoja, la sivyo utapeleka maneno na wewe uonekane mchonganishi. Mpe mzee wa ngoma mishororo miwili ya kwanza peke yake, kinanda kinyamaze kabisa au kishike sauti moja tu ndefu. Kwenye wa tatu kinanda kiingie na mapigo matatu ya walsi yake, kwa kishindo, ngoma ikiendelea na mwendo wake bila kumpisha. Waambie wajaribu taratibu kwanza, nusu ya kasi mtakayoimba harusini, na kina mama wapige makofi pamoja na vumi. Mara mbili tatu za mwanzo watagongana kama michi. Usiwasimamishe, waache wagongane mpaka mizunguko kama kumi ipite. Mzee akianza kutabasamu ujue ameshaisikia, na mpiga kinanda atakuwa wa mwisho kukubali, wapiga kinanda ndivyo walivyo.